Anko Jibu: Hivi matangazo ya wiski ya zamani yalikuwa yanauza nini?

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi kinyozi huku Ngamiani, Tanga. Nimenunua kabati kuukuu, wanasema limetoka kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, ndani nikakuta kurasa za magazeti ya Kimarekani ya miaka ya 1940. Kuna tangazo la wiski ya Lord Calvert, baba mtu mzima kapiga suti, mvi zimechanwa, glasi mkononi, basi! Hakuna cha utamu wala nini. Walikuwa wanauza nini hawa? Na nikizitundika saluni vipi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hilo umebahatika kweli, maana Lord Calvert walikuwa wanatafuta wanaume wa kweli wenye majina yao mjini, wanawapiga picha na kuwaita watu wa hadhi, ili karani anayesoma gazeti kwenye treni ajione naye yumo. Sasa vaa miwani usome yale maandishi madogo ya chini kabisa. Mengi ya matangazo yao yameandikwa asilimia 65 ni spiriti ya nafaka, yani kitu kisicho na ladha yoyote, wiski ndo hiyo 35 iliyobaki. Utasifia utamu gani hapo? Bora umsifie mnywaji.

Na gazetini ndo kulikuwa uwanja wao, kwa sababu watengenezaji wa pombe kali Marekani walikubaliana wenyewe kutotangaza redioni tangu 1936 na kwenye TV tangu 1948, wakashikilia hivyo mpaka 1996, kwa hiyo hela yote ya mbwembwe ikaishia kwenye picha.

Johnnie Walker nao walishaanza kitambo. Yule bwana wa kwenye lebo ya wiski yao, mwenye kofia ndefu, fimbo na buti, alichorwa na Tom Browne mwaka 1908, ukimwona utadhani ndo mwenye kampuni, kumbe John Walker mwenyewe alikuwa muuza duka la vyakula tu pale Kilmarnock, Scotland 😂

Huku kwetu enzi za mkoloni sheria ilimzuia Mwafrika kununua pombe kali, wiski ikawa ya klabu za Wazungu, hapo hadhi inajitangaza yenyewe. Labda ndo maana mpaka leo mtu akinunua wiski baa boksi halitupwi ng'o, linasimamishwa mezani lebo ikiangalia meza za jirani.

Kuhusu saluni, wateja wako wa Ngamiani wengi ni waswalihina, mzee ametoka zake kuswali Ijumaa anakaa kunyolewa anatazamana na chupa, hapana bwana. Tia kwenye fremu ya kioo mbali na jua, uwauzie wageni wanaopenda vya kale. Na usikate pembeni, wanunuzi wanataka ukurasa mzima.