Maswali Yenu: Majina ya Miti, toka India hadi Ulaya

Wataalamu hujuaje jina lililotamkwa kabla ya maandishi?

Hulinganisha lugha zenye asili moja, kama tunavyoweka "mti" wetu karibu na "mũtĩ" wa Kikikuyu na "omuti" wa Kiganda. Huko Ulaya kuna mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe. Wajerumani huuita Birke, Warusi beryoza, Walithuania beržas. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni bhūrja. Sauti hazikufanana kwa bahati: "bh" ya Kisanskriti hulingana na "b" ya Kijerumani neno baada ya neno. Shina la neno lenyewe huhusishwa na kung'aa, na ukiliona gome hilo hutauliza sababu. Hubanduka kwa tabaka nyembamba kama karatasi, na Kashmir waliliandikia vitabu kwa karne nyingi.

Jina hubaki na mti uleule daima?

La, na hapo ndipo utamu ulipo. Watu huhama, mti hubaki nyuma, jina huenda nao. Wataalamu wengi huona kwamba fraxinus ya Kilatini imetoka shina lilelile la Birke, lakini huko Italia ilitaja mti mwingine kabisa.

Nimesoma kwamba mti uitwao Buche kwa Kijerumani ulionyesha walikotoka watu waliozungumza lugha mama iliyozaa Kisanskriti, Kijerumani na ndugu zake. Kweli?

Hoja hiyo ilivuma sana. Ilidai kuwa Buche haimei mashariki ya mstari wa kutoka Kaliningrad hadi Bahari Nyeusi, basi, kwa kuwa walikuwa na jina lake, kwao ni magharibi ya hapo. Mimi siikubali. Kwa Kilatini fagus ni Buche, ila kwa Wagiriki wa kale phegos ni aina ya mwaloni. Kama jina lilihama mti mara moja, ramani ya mti haiwezi kututhibitishia ramani ya watu.

Na neno la "mti" wenyewe?

Derevo ya Kirusi, dāru ya Kisanskriti (ubao) na tree ya Kiingereza ni ndugu. Kigiriki drys na Kiwelshi derw zilielekea kwenye mwaloni.

Kiswahili kimepata chochote humo?

Sandali, ule mti wa kunukia. Tuliipokea kwa Waarabu, walioipata kupitia Kiajemi, na nyuma yake ipo chandana ya Kisanskriti. Hata hiyo wengi huamini ilichukuliwa kutoka lugha za Kidravidi za kusini mwa India, kunakoota msandali wenyewe.