Mkono mbele ya lenzi

Mwanangu Neema,

Barua yako dada yako amenisomea mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa anacheka. Unauliza kama waliowadanganya makaburu ili wapate kupiga filamu walikuwa waongo au wajanja. Yule Mmarekani, Rogosin, akijifanya anarekodi muziki na mandhari, kumbe anapiga filamu ya Come Back, Africa huku Sophiatown, mtaa wa Waafrika kule Johannesburg, ikibomolewa. Schmitz na Mogotlane wakiwapelekea wakaguzi muswada wa filamu ya jambazi wa mjini, kumbe ndani ya Mapantsula mna polisi, mateso na watu wanaogomea kodi ya nyumba. Swali zuri. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa mashine, nikujibu ninalolijua.

Unajua nilivyozunguka na gari la sinema nikionesha filamu. Lile la Mazimbu, kule Morogoro, sijawahi kulisimulia, hata kwa marehemu mama yako.

Ilikuwa 1981. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa na shule yao pale, tukaenda kuwaonesha Last Grave at Dimbaza, ile filamu ya Nana Mahomo iliyopigwa kwa siri na kutoroshwa nje. Mkubwa wangu wa kazi alishaiona. Akaninong'oneza: yakifika makaburi ya watoto, ziba, kuna wadogo hapa. Mkanda hukuweza kuurusha mbele bila kuuharibu. Nikaweka kiganja mbele ya lenzi.

Shuka la kuoneshea likawa jeusi, sauti ikaendelea. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana mmoja akaja gizani, akaushika mkono wangu, akauteremsha taratibu, akabaki ameushikilia mpaka mkanda ukaisha. Kwenye shuka yalikuwa makaburi yaliyochimbwa mapema, yanasubiri watoto ambao bado wako hai.

Baadaye tulikunywa chai. Yule kijana aliniambia kwao mkaguzi wa filamu aliweza kuruhusu filamu kwa Wazungu na kuikataza kwa Waafrika. Ile Zulu ya 1964, weusi walizuiwa kuiona, na vita vyenyewe ni vya babu zao! Mkono wangu hakuutaja. Afadhali angenitukana.

Ndiyo maana nawachosha kila siku na neno langu: mtazamaji si mtoto. Najua utasema pale watoto walikuwepo kweli. Walikuwepo. Mmoja alilala mapajani kwa mama yake. Na mkubwa wangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wanawe sita. Wakati mwingine naona alikuwa na haki. Halafu nakumbuka kwamba na makaburu nao walisema wanalinda watu. Sijui, Neema. Mtazamaji si mtoto, hata akiwa mtoto.

Sasa huo uongo. Makeba, huyuhuyu aliyetuimbia Malaika, aliimba dakika chache tu katika filamu ya Rogosin, akaenda nayo kwenye tamasha la filamu la Venice 1959. Mwaka uliofuata mama yake akafa, makaburu wakaifuta pasipoti yake, hakumzika. Rogosin alikuwa na kwao pa kurudi. Hapo ndipo ninapokwama. Aliyebuni uongo si lazima awe ndiye atakayeulipia, na wewe utapiga picha za watu wenye nyumba, wenye kazi, wenye mama. Waulize wao kabla hujaniuliza mimi.

Sitakuamulia. Ila ningekuwa na miaka yako… basi, yaache.

Na usinifanye mzee asiyeona. Mtu hamwandikii baba yake kurasa nne kuhusu muswada wa Mapantsula, filamu ya mwaka 1988, kama naye hana wake. Nitumie miswada yako yote miwili, wa kupeleka ofisini na ule wenyewe. Wa ofisini atausoma dada yako. Ule mwingine uchape kwa herufi kubwa, nitausoma mwenyewe.

Baba yako