Nimempigia magoti, bado hanisalimii

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Uyole, Mbeya, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mzee wa kanisa. Nafanya biashara ya viazi. Nanunua kwa wakulima wa huku juu, vingine vinapanda lori la Dar es Salaam, vingine nauza mwenyewe Mwanjelwa.*

*Mwezi uliopita ibada ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwangu na mimi ndiye niliyefundisha. Somo lilikuwa unyenyekevu, Wafilipi 2. Nilipomaliza nikauliza kama kuna mwenye swali. Binti mmoja aliyekodi shamba Isyonje, umri sawa na binti yangu wa pili, ambaye ameniuzia magunia 14 kwa misimu miwili, akasimama akasema: "Mama mzee, zile debe mbili za juu ya kila gunia utanilipa lini?" Watu wakanyamaza. Mmoja akacheka.*

*Shangazi, sikumjibu vibaya. Kesho yake nilimfuata kwake, nikapiga magoti mimi mtu mzima, nikamwambia kama kuna mahali nimekukosea unisamehe. Akasema "sawa mama", akaendelea kuchambua maharage. Tangu siku hiyo tukikutana njiani hanisalimii. Mchungaji anasema nimwachie Mungu. Mume wangu anasema nisinunue tena kwake ili ashike adabu. Mimi namwombea kila siku saa kumi na moja alfajiri. Kuhusu gunia, kila mtu huku ananunua hivyo hivyo. Nifanye nini nipate unyenyekevu wa kuwavumilia watu wa namna hii?*

*Mama Mzee, Uyole*

Marahaba, mdogo wangu. Na kwa salamu ya huku kwetu Iringa, kamwene.

Barua yako ilikuwa na kurasa nne za mwandiko mzuri, nimeifupisha ili itoshe hapa. Umenieleza vitambaa vya makochi ulivyotandika siku ile ya ibada. Umenieleza magoti yako na sakafu ya saruji ya yule binti, na baridi yake. Gunia limepata mstari mmoja, karibu na mwisho, na mstari wenyewe unaanzia kwa "kila mtu". Huo ndio niliousoma mara tatu.

Wasomaji wasiotoka kwenye viazi wanivumilie kidogo. Gunia la kawaida ni kama debe sita. Likijaa, mnunuzi analishonea kipande cha gunia jingine mdomoni, viazi vinaongezwa, kamba zinapigwa msalaba hadi kitu kinasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wameipigia lumbesa kelele miaka na miaka. Najua pia kwa nini haifi. Nauli ya lori mara nyingi inahesabiwa kwa gunia, ushuru nao kwa gunia, kwa hiyo anayejaza zaidi ndiye anayepona. Sikuiti mwizi wa kwanza wa nyanda za juu. Nakwambia tu kwamba yule binti aliuliza swali la hesabu na wewe ukampa jibu la magoti.

Angalia maneno uliyomwambia: "*kama* kuna mahali nimekukosea." Mahali alishakutajia, tena mbele ya watu: juu ya gunia, debe mbili. Baada ya kuambiwa hivyo, ile "kama" yako inamrudisha mwanzo, athibitishe upya mbele ya mzee wa kanisa aliyepiga magoti. Mtoto wa Kinyakyusa, mama mtu mzima yuko chini sakafuni, ataanzaje kudai? Ulimfunga mdomo kwa heshima. Naamini hukukusudia, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Utaniambia Zakayo naye alisema "ikiwa". Ni kweli, Luka 19:8: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ila "ikiwa" ya Zakayo ina namba nyuma yake. Yako ilikuwa na nini nyuma yake?

Hapa kuna jambo ambalo Kiswahili kimetusaidia bila sisi kushukuru. Biblia yetu ina neno moja, haki. Wenye njaa na kiu ya haki, wameahidiwa kushibishwa. Mtoza ushuru wa Luka 18, aliyesimama mbali akijipiga kifua, alishuka nyumbani kwake *amehesabiwa haki*. Na yule binti wa Isyonje anaposema "nataka haki yangu" anatumia neno hilo hilo, herufi kwa herufi. Sisi ndio tumeligawa vipande viwili: haki ya Jumapili tunaiimbia, haki ya Jumatatu tunaishonea kilemba. Injili ilifika Rungwe mwaka 1891, Wamoravian na Walutheri wa Berlin mwaka mmoja. Zaidi ya miaka 130 tunasoma habari za Zakayo, na mara nne yake bado tunawaachia watoto wa shule ya Jumapili waigize juu ya meza, mwenzao mmoja akiwa mkuyu.

Mchungaji wako anaweza kuniambia mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa kurudisha viazi. Namuunga mkono. Ila asome mpangilio wa sura ile. Yesu alimwita Zakayo ashuke, akasema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, *kabla* ya senti yoyote kurudi kwa mwenyewe. Zakayo hakulipa ili mgeni aingie. Mgeni alikwisha ingia, na ndani ya nyumba yenye mgeni wa namna ile, mali ya watu ikaanza kumkera machoni. Wewe una mgeni huyo kwa miaka mingi, nakuamini. Nauliza tu kama amewahi kupelekwa stoo.

Nikuambie aibu yangu, maana sikuandikii kutoka juu ya mnara.

Niliwahi kuishi na dada wa kazi kutoka Kilolo. Akavunja chupa yangu ya chai, ile kubwa ya maua. Alipoondoka nikamkata mshahara wa mwezi wa mwisho, mwezi mzima kwa chupa moja. Ukapita mwaka na nusu. Kisha nikaenda kongamano la akina mama, nikalia kweli kweli, nikatoka huko nimeamua kujishusha. Nikapanda gari la Kilolo na kilo mbili za sukari na kitenge kipya. Nikamkuta shambani kwenye njegere. Nikaomba msamaha kwa machozi, majirani wakasimama kutazama, na ndani yangu, nisikufiche, nikajiona mzuri. Akapokea sukari kwa mikono miwili. Akasema asante mama. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa: "Na ile hela?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na nauli ya kurudia. Kile kitenge nilikinunua kwa bei iliyokaribia ule mshahara, lakini kitenge ni zawadi, na zawadi mtoaji ndiye anayeonekana. Deni likilipwa hakuna anayeonekana.

Wiki iliyofuata nilirudi na hela. Akazihesabu mbele yangu noti moja moja. Akarudia. Akazifunga kwenye ncha ya kanga. Hakuniambia amenisamehe, wala sikuuliza. Aliniuliza kama mwanangu wa mwisho bado anakojoa kitandani.

Basi turudi Uyole. Magunia 14 kwa debe mbili ni debe 28, yaani magunia manne na debe nne juu. Sikwambii ulipe mara nne, Zakayo alijipangia mwenyewe. Ila kuna kitabu ambacho hata jina lake linakufaa, Hesabu, sura ya 5 mstari wa 7: aliyekosa aungame, arudishe kile kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Sehemu ya tano ya 28 ni tano na ushee. Sema sita. Mpelekee thamani ya debe 34, kwa bei ya leo kama imepanda, kwa bei ya siku ile kama imeshuka. Ukiona ni nyingi mno kutoa kwa mkupuo mmoja, mwambie utalipa mara mbili na utaje tarehe. Yeye shamba amekodi. Anajua malipo ya awamu kuliko sisi.

Hela iende kimya kimya. Usiende na mchungaji, usiende na shahidi wa jumuiya, usimtumie mtoto. Lakini lipo la kusema hadharani, na hapa wengine watanipinga. Yule binti mbele ya watu ameonekana mkorofi, asiye na adabu kwa wakubwa, na jina hilo linamfuata kisimani na sokoni. Ibada ijayo ya jumuiya, kabla ya matangazo, simama useme: "Mwezi ule niliulizwa swali la magunia. Aliyeuliza alikuwa na haki." Kisha ukae. Tafadhali usiligeuze ushuhuda wa nusu saa, jinsi Bwana alivyokushughulikia usiku na ukaamka umelowa machozi. Farisayo wa siku zile alijisifu kwa kufunga mara mbili kwa juma. Sisi wa siku hizi tunajisifu kwa unyonge: mimi si kitu, mimi ni mavumbi tu, mpaka wote waseme hapana mama, wewe ni nguzo yetu.

Mumeo anasema uache kununua kwake ashike adabu. Mkatalie kwa upole, lakini mkatalie. Kumnyima soko mtu kwa sababu amedai ni kumdhulumu mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Endelea kununua kwake, kwa mizani. Gunia la kilo 100 ukilinunua kwa bei ya gunia la kilo 100, faida yako itapungua, sitakudanganya. Huenda msimu wa kwanza dalali wako akakucheka na mwenye lori akakuruka. Nawajua wanawake wawili wa huku Iringa waliojaribu. Mmoja aliacha biashara akaenda kufuga kuku. Wa pili wakulima wanamwekea viazi vya kuchagua kabla lori la mwingine halijafika. Siwezi kukuahidi utakuwa yupi.

Na lile sado, kopo unalopimia viazi vya rejareja Mwanjelwa, ambalo hukuligusa kabisa kwenye kurasa nne. Ligeuze utazame kitako. Kama kimebonyezwa kwa ndani, unajua cha kufanya. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Mwenye kununua kwa lumbesa na kuuza kwa sado lenye kitako ndani, sijui andiko hilo liandikwe kwa lugha gani nyingine alielewe.

Neno la pembeni kwa wasomaji wangu wengine, maana najua nitapata barua. Sijasema unyenyekevu ni kukubali kila mnachofanyiwa. Dada uliyeandika juzi kutoka Njombe, unayepigwa na kuambiwa "mke mnyenyekevu haendi polisi", nenda polisi. Ushauri huu wa leo ni wa mwenye gunia, si wa mwenye viazi.

Kuhusu maombi ya alfajiri, usiyaache. Badilisha tu ombi. Umekuwa ukiomba Mungu ambadilishe yule binti. Yeye hana cha kubadilishwa hapa, ana deni la kulipwa. Mathayo 5:23 haisemi ukikumbuka kwamba *wewe* una neno juu ya ndugu yako. Inasema ukikumbuka kwamba *ndugu yako ana neno juu yako*, sadaka iache hapo madhabahuni, uende ukapatane kwanza. Kwa hiyo saa kumi na moja hiyo hiyo, chukua kalamu na daftari la biashara badala ya kufumba macho. Na ukikuta wapo wengine kwenye daftari wenye debe zao mbili juu, waandike pembeni. Usiwalipe wote wiki moja ukafilisika, watoto wanasoma. Anza na huyu aliyethubutu kuuliza.

Nenda asubuhi kabla hajaondoka kwenda shambani. Ukimkosa, usimwachie jirani bahasha, rudi siku nyingine. Safari hii usipige magoti, yatamchanganya. Omba kiti, useme ni debe 28, umeongeza sita, mpe hela mkononi. Atazihesabu. Usikohoe, usiangalie simu, usimwambie "ziko kamili, mwanangu". Na akirudia kuhesabu mara ya pili, endelea kukaa.