Kucha si kipimo: vya kurudisha na vya kutupa ukifungua injini

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Mikindani. Amefungua injini yake ya kwanza bila fundi mkubwa kusimama nyuma yake, 5L ya dizeli ya Hiace, akanitumia picha nne: krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), pistoni, hedi (kifuniko cha juu cha injini), na beringi kuukuu (vibamba vinavyoizunguka krenki) zimepangwa juu ya gazeti. Swali lake lilikuwa fupi. "Ami, nimepitisha kucha kwenye krenki, haikwami popote. Niirudishe vilevile na beringi mpya za standadi, yaani za kipimo cha kiwandani?"

Niliusoma nikaketi kitandani kimya. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2016, kwa kinywa changu, mbele ya tajiri wa gari, na yakanigharimu tuktuk yangu. Kwa hivyo sikutaka kumjibu kwa mistari miwili kwenye simu. Namjibu hapa, ili na wenzake wanaoota gereji yao na jina lao wasome pamoja naye.

Wakati ule nilikuwa nimeachana na fundi aliyenifunza kama mwaka mmoja hivi. Nilikuwa na kibanda changu Kisauni, spana zangu, na kijana mmoja wa kunishikia taa. Kazi zangu zilikuwa breki, klachi, bushi. Kisha siku moja akaja tajiri mwenye Hiace ya abiria ya Mombasa na Malindi. Injini inakunywa oili, inatoa moshi wa bluu, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiiombea dua. Injini nzima, niifungue mimi na niifunge mimi, na kila dereva wa barabara ya Malindi ajue ni nani aliyeifunga.

Tajiri alitaka mambo mawili, bei ya chini na gari lirudi barabarani upesi. "Fundi, kilicho kizima usikitupe," aliniambia. Nikaona ni maneno ya haki. Jumatatu nikafungua, Alhamisi magharibi nikafunga. Krenki niliifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, nikapitisha kucha kwenye kila shingo (sehemu ya duara inayozunguka ndani ya beringi), nikaona laini kama kioo. Nikatia beringi mpya za standadi, ringi mpya (pete za pistoni) kwenye pistoni zile zile, gasketi mpya, basi. Ikawaka kwa swichi moja. Taa ya oili ikazima. Tajiri akanipa mkono akaniahidi kuniletea gari zake zote, na usiku ule sikulala kwa furaha.

Siku ya kumi na moja simu ikalia. Dereva aliniambia injini ilianza kugonga walipopita Kikambala, naye akaendelea kwa sababu alikuwa na abiria. Kabla hawajafika Kilifi konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya silinda ya tatu ilikatika ikatoboa bloki ubavuni. Nilipofika nilikuta oili imetapakaa kwenye lami na abiria wameketi chini ya mkanju, wengine wana mizigo ya sokoni. Tajiri alifika kwa pikipiki. Mbele ya wote wale alisema, "Huyu si fundi, huyu ni mwizi wa spea."

Sikuiba hata nati moja. Beringi nilinunua, ringi nilinunua, risiti nilikuwa nazo mfukoni. Lakini ukishasimama kando ya injini iliyotoboka, nani atasoma risiti? Niliuza tuktuk iliyokuwa ikilisha nyumba yangu, nikamnunulia injini iliyotoka Japani, nikaifunga bila malipo. Neno lile bado liko kifuani mwangu, na nikiliandika leo mkono unakuwa mzito.

Wiki mbili baadaye niliibeba krenki ile mpaka kwa mzee mmoja wa mashine ya kuchonga vyuma, Shimanzi. Sikumwendea aitengeneze, nilitaka kujua. Shingo ya tatu ilikuwa imekwisha kuungua, nyeusi, lakini nyingine tatu za bigi endi, zinazoshikwa na konrodi, zilikuwa bado zinang'aa. Mzee hakuniuliza lolote. Aliilaza krenki juu ya vyuma viwili vilivyokatwa pembe, akatoa maikromita, kifaa cha kupimia unene, kwenye kisanduku chenye kitambaa cha flaneli, akapima shingo ya kwanza, akaandika namba kwa chaki mezani. Kisha akaigeuza maikromita robo duara, akapima pale pale, akaandika namba ya pili chini ya ile ya kwanza. Akaenda kwenye shingo ya pili, akafanya vivyo hivyo. Tofauti ya kwanza ilikuwa milimita 0.06, ya pili 0.05.

"Soma, mwanangu," akaniambia.

Shingo zilikuwa yai, si duara kamili. Zimelainika, zinang'aa, na ni yai. Kila mafuta yanapowaka, pistoni husukumwa chini kwa nguvu na konrodi huikandamiza shingo upande ule ule, mamilioni ya mara. Upande huo hulika na ule mwingine husalia. Kucha hukamata mkwaruzo, lakini umbo haliwezi kulisoma.

Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo fundi wangu hakunieleza. Krenki haikai juu ya beringi, inaelea juu ya oili. Nafasi ya oili hiyo kwenye injini kama hii ni kati ya milimita 0.03 na 0.06 hivi. Unywele wa kichwa chako una unene wa karibu 0.07. Yaani nafasi inayobeba injini nzima na abiria wote waliomo haiingii hata unywele, nami nilitia ndani yake shingo iliyokosea kwa 0.06. Oili ikatoroka upande uliolika, presha ikashuka, chuma kikagusana na chuma. Mpaka wa yai unaokubalika kwenye injini nyingi za aina hii ni 0.02. Ukivuka hapo, krenki inachongwa na kutiwa beringi za andasaizi (nene zaidi, kwa shingo iliyopunguzwa), 0.25 kwa kuanzia, au inatupwa.

Kwa hivyo, kijana wangu wa Mikindani, jibu la swali lako ni kwamba hujapima. Peleka krenki ipimwe kila shingo mara nne: mwanzo na mwisho wa shingo, na kila mahali pande mbili. Beringi zile kuukuu usizitupe kabla ya kuzisoma. Zikiwa na mikwaruzo ya kuzunguka, uchafu ulipita kwenye oili. Zikionyesha rangi ya shaba, tabaka la juu limekwisha. Zikilika ukingoni upande mmoja tu, shuku konrodi imepinda. Kwenye picha yako naona mbili zina rangi ya shaba, na bado wewe unaniambia kucha haikwami.

Silinda nazo zina kipimo ambacho hakihitaji mashine ya bei, na hiki nakifundisha kila kijana anayepita kibandani kwangu. Chukua ringi mpya ya juu. Iingize ndani ya silinda bila pistoni, isukume kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, mpaka chini kabisa ambako ringi hazifiki na ukuta haujalika. Pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya). Tuseme unapata 0.40. Sasa irudishe ringi juu, chini kidogo ya ule ukingo unaouhisi kwa kidole, upime tena. Tuseme sasa ni 0.85. Tofauti ni 0.45. Igawe kwa 3.14 na unapata karibu 0.14, na hiyo ndiyo milimita ambayo silinda imepanuka juu kuliko chini. Hii ni hesabu ya duara tuliyofunzwa shule ya msingi, hakuna uchawi. Silinda kama hiyo ukiitia ringi mpya, ringi itakuwa ikifunguka na kujibana kila pistoni inapopanda na kushuka, na ule ukingo wa juu unaweza kuivunja siku za mwanzo tu. Utaambiwa injini "imerudia" kunywa oili. Haikurudia, haikuacha.

Mimi 2016 niliingiza ringi bila kupima hata mara moja. Leo nikikumbuka naona haya, maana fila geji nilikuwa nayo kwenye sanduku, nikiitumia kwenye valvu tu.

Hedi ndiyo inayotuumiza zaidi sisi watu wa Pwani, na chanzo ni maji. Makanga akiona rejeta imepungua anatia maji yoyote yaliyo karibu, na hapa Mombasa maji ya karibu mara nyingi ni ya kisima, yenye chumvi. Chumvi inakula chuma na kuacha magamba, njia za maji zinaziba, gari linachemsha, na hedi ya 5L ikichemshwa hupasuka kati ya valvu. Ufa huo mara nyingi hauonekani kwa macho. Fanya hivi: safisha hedi mpaka iwe kavu, ipake mafuta ya taa mahali unapopashuku, subiri kama robo saa, ifute kavu kabisa, kisha ipake chaki. Chaki ya kawaida ya shule. Ondoka kidogo, ukirudi utaona mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda kwenye chaki na kuchora mstari mwembamba. Mara ya kwanza kuuona mstari huo nilisimama nikautazama kama mtu anayesoma barua. Baada ya hapo peleka hedi ipimwe kwa hewa ndani ya maji ya moto, maana chaki huonyesha nyufa za juu tu.

Konrodi na kofia zake zipige alama kabla ya kuzifungua. Zilichongwa pamoja, hazibadilishani wenzi. Pistoni pima mwanya wa mtaro wa juu kwa ringi mpya ndani yake. Bolti za hedi zinazokazwa kwa pembe nunua mpya, maana zikikazwa hurefuka na hazirudi. Mkanda wa taimingi, gasketi, sili, usinijie na swali, ni vipya. Na kama injini iliwahi kuua beringi, kipoza oili kibadilishe pamoja na kusafisha kila tundu la krenki kwa brashi na hewa, kwa sababu vumbi la chuma lililojificha humo litaua na beringi zako mpya.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo fundi wa Nairobi hatakuambia: ukishaosha silinda zilizochongwa, zikaushe na uzipake oili saa ile ile. Upepo wa bahari hauna subira. Niliwahi kuacha bloki limeoshwa usiku mmoja wakati wa masika, alfajiri nikakuta kuta zote zimekuwa rangi ya hina.

Ndugu zangu, najua shida. Tajiri anasimama mlangoni anahesabu siku, spea ni ghali, na kijana wa kibanda cha pili ameahidi kumaliza kwa nusu ya bei. Najua. Lakini mtu akikukabidhi injini amekukabidhi karo ya watoto wake na roho za watu kumi na wanne wanaopanda kila asubuhi. Ukisema "hii iko sawa" bila kupima, unatoa ushahidi wa jambo usilolijua. Huna maikromita? Kwenye mashine utapimiwa, na gharama yake ni ndogo kuliko tuktuk. Tajiri akikataa kulipia kipimo, mwache aende. Mimi nimewaacha wengi, na tangu mwaka ule sijarudishiwa injini hata moja. Hilo nalisema kwa fahari na sioni sababu ya kulificha.

Mwezi uliopita yule tajiri wa Malindi alikuja. Ana gari jingine sasa, na nadhani alielekezwa kwangu na dereva ambaye hakujua habari zetu. Tulisalimiana. Nilifungua injini yake akiwapo, nikampima krenki mbele ya macho yake, nikaandika kila shingo kwenye karatasi, mistari minane ya bigi endi na kumi ya meni (shingo zinazokaa kwenye bloki). Aliishika karatasi akaisoma mpaka chini, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hii 0.04 ni nini?" Nikampa maikromita mkononi, nikamwonyesha mahali pa kuishika na jinsi ya kuigeuza robo duara. Akapima mwenyewe, polepole, akasoma kwa sauti. Kisha akasema, "Ichongwe."

La Kilifi hakulitaja, nami sikulitaja. Krenki yake ilichongwa 0.25 na gari liko barabarani.

Kijana, nenda kapime. Shingo nne za bigi endi, tano za meni, na ile ringi juu na chini kwenye kila silinda. Niandikie namba zote, hata zile zisizokupendeza, halafu tutazungumza.