Maswali ya Wasomaji: Muziki

SWALI: Mwalimu, pokea salamu. Nina miaka 22 na natunga muziki wa okestra na wa ala chache. Nikisoma nilichoandika mwaka jana naona haya, hata nataka kukichoma. Je, wewe unazo bado kazi zako za mwanzo? Unazionaje leo?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwanangu, weka kiberiti chini. Ninazo, kwenye sanduku la bati hapa nyumbani Kisumu, na barua yako ndiyo iliyonifanya nilifungue.

Ya kwanza ni ya okestra. Umri wangu ulikuwa kama wako na niliogopa kimya, basi hakuna ala niliyoipumzisha. Filimbi inafuata fidla, tarumbeta inafuata filimbi, na mpiga tarumbeta hana hata pa kuvuta pumzi. Ukurasa wa tatu nimeandikia fidla noti ya F iliyo chini ya G ya waya wake mnene. Fidla haishuki hapo. Mpigaji aliizungushia penseli, na baada ya mazoezi akaniuliza kwa upole, "Hii niitoe wapi?" Duara lile lipo hadi leo, nami nalipenda kuliko makofi yote niliyowahi kupigiwa.

Kosa kubwa lilikuwa jingine. Nimekua nikisikia nyatiti: nyuzi nane, na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, mpigaji akigonga nayo ubao wa ala. Mlio ule wa kugonga niliupa ngoma tatu. Zikameza kila kitu.

Mwaka uliofuata nikaandika kwateti, yaani fidla mbili na jamaa zake wakubwa, viola na selo. Ngoma sina. Basi nyuzi nane nikazigawa, nne kwa fidla ya pili, nne kwa viola, zote za kudonoa kwa kidole, huku zikijibizana. Mpiga selo nikamwambia aweke uta chini, agonge ubao kwa kifundo cha kidole. Ko, ko-ko. Sauti ndogo kabisa, lakini aliyekaa nyuma ya ukumbi aliisikia. Siku ile ndipo nilipojua natunga.

Kusahihisha si dhambi. Mwaka 1801 Beethoven alimwandikia rafiki yake Karl Amenda asimpe mtu kwateti aliyokuwa amempa, kwa kuwa alikuwa ameibadilisha sana, na ndiyo kwanza amejua kuandika kwateti inavyotakiwa. Nawe andika upya, ila kwenye karatasi nyingine. Ile ya zamani itie tarehe uihifadhi, hasa yenye penseli za wapigaji.

Ile ya okestra siruhusu ipigwe tena. Lakini ukurasa wa saba una sauti ya filimbi, mapigo kumi na sita tu, iliyofunikwa na tarumbeta. Juzi nimeitoa humo nikampa mpiga klarineti peke yake, wengine wote wakimsubiri.