Nikipata Kazi ya Msimu wa Korosho, Ruzuku ya TASAF Itakatwa?

SWALI: Mshauri, nakusalimu. Mimi ni mkazi wa Tandahimba, mkoani Mtwara. Nina ulemavu wa mguu tangu utotoni kwa sababu ya polio, na ninaishi na mama yangu mzee pamoja na wanangu wawili. Kaya yetu imo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, imenipa nafasi ya ukarani wa mizani ghalani msimu huu. Majirani wananishauri ninyamaze, kwa maana serikali ikijua ninafanya kazi itanikatia "pesa za ulemavu". Wanamtaja na kaka yangu, aliyepoteza mkono kiwandani na sasa hupokea pensheni kila mwezi, ambaye kwa hofu hiyo hiyo hatafuti kazi. Tufanyeje?

JIBU: Dada yangu, majirani zako wamechanganya mafungu mawili ya fedha yasiyofanana hata kidogo.

Ruzuku ya TASAF si mshahara wa mguu wako. Kaya yenu iliingia mpangoni kwa sababu ya umaskini wake, ulemavu wako ukiwa sehemu moja tu ya hali iliyotazamwa, na ndiyo maana kinachopimwa wakati wa uhakiki ni maisha ya kaya nzima. Kufanya kazi hakukatazwi. Mpango huo huo huwapa walengwa, yaani wanaopokea ruzuku, wenye nguvu ajira za muda na kuwahimiza kuanzisha vikundi vya kuweka akiba na miradi midogo, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama kipato kingekuwa kosa. Ni kweli kwamba kaya iliyoimarika kiuchumi huhitimu na kuacha kupokea ruzuku. Lakini ujira wa miezi michache ya minada ya korosho, unaogawanywa kwa watu wanne, ni vigumu kuuita kuimarika. Kazi hiyo ikigeuka kuwa ya kudumu, hapo mtakuwa na hesabu nyingine ya kufanya, nami sitakuficha kwamba ruzuku inaweza kukoma.

Kuhusu kunyamaza, sikushauri. Karani wa mizani huonekana na kila mkulima anayeleta gunia ghalani, kwa hiyo siri hiyo haitafika mnada wa pili. Mlengwa aliyeficha kipato hujiweka pabaya kuliko aliyekitaja mapema. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na kwa Kamati ya Usimamizi ya Jamii, inayosimamia mpango huo kijijini, ukiwa na nakala ya mkataba unaoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza kazi, ili ijulikane wazi kuwa ni kazi ya msimu. Kama hujapewa mkataba, udai kabla ya kushika mizani, kisha uulize kama michango yako ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, itapelekwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu wake, kwa hiyo usikubali ujira pungufu kwa sababu ya magongo.

Kaka yako yuko katika fungu lingine kabisa. Ikiwa pensheni yake inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hiyo ni fidia ya ajali ya kazini. Aliyepimwa na kukutwa na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa kila mwezi, na wa asilimia 30 au chini yake hulipwa kwa mkupuo. Hesabu yake hutokana na kiwango hicho cha ulemavu na kipato alichokuwa nacho kabla ya kuumia, na mkono uliopotea haurudi kwa sababu mwenyewe amepata kazi. Nadhani hofu yake inatokana na malipo ya ulemavu wa muda, ambayo hukoma mgonjwa anaporudi kazini. Aitafute barua yake ya tathmini, asome fidia yake ni ya aina gani, na kama haieleweki aipeleke katika ofisi ya Mfuko. Akianza kutafuta kazi, akumbuke kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Wengi hawaitekelezi mpaka waulizwe.