Katibu yule yule miaka sita: wengine wataingiaje kwenye uongozi?

Swali: Kikundi chetu cha kuweka na kukopa (VICOBA) kina wanachama 30 na tunakutana kila Jumatano. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina ni wale wale, mwaka wa sita sasa. Mimi ndiye katibu na nimechoka. Kila uchaguzi nikiomba mtu ajitokeze, watu wananyamaza, kisha wananipigia makofi niendelee. Tufanyeje? — Katibu, Kilosa

Jibu: Ndugu Katibu, usiuchukulie ukimya huo kuwa uvivu. Wanachama wamekuona miaka yote hii ukijaza daftari, ukikokotoa riba, ukiwapigia simu waliochelewesha marejesho na kwenda benki kwa nauli yako. Anayeombwa kuwa katibu anaombwa aibebe kazi hiyo yote kwa siku moja, huku akihofia kulipa fedha zikipungua. Kwa hiyo msianzie kwenye uchaguzi. Anzeni kwa kuigawa kazi, angalau miezi mitano kabla ya kuvunja mzunguko, yaani siku ya mgao wa akiba na faida.

Andika kila unachofanya kuanzia Jumatano moja hadi nyingine, hata yale madogo kama kununua kalamu. Kisha tumieni kitu ambacho vikundi vingi vya VICOBA tayari vinacho: makundi ya watano watano wanaodhaminiana kwenye mikopo. Wanachama 30 ni makundi sita. Kila Jumatano kundi moja lihudumie kikao: mmoja aite majina na kuandika mahudhurio, mmoja aandike faini, wawili wahesabu fedha kwa sauti mbele ya wote, na mmoja asome ajenda na kusimamia muda. Baada ya wiki sita kila mwanachama atakuwa ameshika kazi mbele ya wenzake. Mzunguko wa pili wabadilishane nafasi ndani ya kundi. Hapo ndipo mtamwona anayehesabu bila kubabaika, na yule ambaye akisema watu wanatulia. Wengi wao hamkuwahi kuwafikiria.

Asiyejua kusoma asiachwe nje. Kuhesabu noti, kushika ufunguo wa sanduku na kutangaza salio ni kazi za uaminifu, hazihitaji daftari. Mwisho wa kila kikao mhesabu atangaze salio la mfuko wa mikopo na la mfuko wa jamii (ule wa kusaidiana kwenye shida), wote warudie kwa sauti. Kikao kinachofuata kianze kwa kumuuliza mwanachama yeyote salio lilikuwa ngapi. Kikundi ambacho kila mtu analijua salio hakimwogopeshi kiongozi mpya, kwa sababu hatabaki na siri ya fedha peke yake.

Ukishaona wawili wanaofaa ukatibu, usiwaulize kikaoni. "Nani atajitolea?" ni swali ambalo kila mtu husubiri mwenzake alijibu. Mfuate kila mmoja nyumbani kwake, umweleze umeona nini kwake, kazi ni ipi, itachukua saa ngapi kwa wiki na itaisha lini. Mpe wiki nzima afikirie. Akikubali, vikao viwili akae pembeni yako akitazama. Vinne vinavyofuata aandike yeye, wewe ukikagua kabla watu hawajaondoka. Viwili vya mwisho aandike peke yake, ukague kesho yake. Hesabu za riba na za mgao azifanyie mazoezi kwenye daftari la mzunguko uliopita, ambalo majibu yake yanajulikana.

Hapa ndipo vikundi vingi huharibu: mwanafunzi anakosea kujumlisha, katibu wa zamani anamnyang'anya kalamu mbele ya watu. Hatarudi tena, na waliotazama nao wamejifunza kunyamaza. Kosa lirekebishwe kwa kulipigia mstari mmoja, kuandika hesabu iliyo sahihi juu yake na kuweka saini mbili.

Mambo mawili yaingie kwenye katiba kabla ya uchaguzi. Kwanza, fedha zikipotea nani analipa: kosa la hesabu lililofanyika kikaoni mbele ya wote litofautishwe na fedha zilizotoka bila idhini ya kikao. Bila kifungu hicho, watu makini ndio watakaokimbia wa kwanza. Pili, gharama: nauli na vocha za kazi ya kikundi zirudishwe kwa risiti au kwa kiwango mlichokubaliana. Kwa maoni yangu, kurudisha gharama ni bora kuliko mshahara. Nafasi yenye mshahara hugombewa na wanaotaka mshahara.

Muhula uwe mwaka mmoja, urudiwe mara moja tu, kisha mtu apumzike. Lakini msiwabadilishe wote watatu kwa pamoja. Mwaka huu katibu, mwaka ujao mweka hazina, kisha mwenyekiti, ili daima awepo anayejua mambo yalipofikia.

Uchaguzi usifanyike siku ya mgao, kila mtu ana haraka na fedha zake. Ufanyike kikao kinachofuata, kabla ya kununua hisa za kwanza. Wagombea wasipungue wawili kwa nafasi. Acheni kunyoosha mikono: majirani huogopa kuudhiana. Kila mgombea awe na mfuko wa rangi yake, na kila mwanachama apewe kokoto moja akaitumbukize nyuma ya pazia.

Makabidhiano yawe ya maandishi: madaftari, muhuri, fedha zilizohesabiwa na orodha ya mikopo isiyorejeshwa, vyote visainiwe na anayetoka na anayeingia. Funguo za sanduku zibaki kwa wanachama wasio viongozi. Watia saini wa benki wabadilishwe wiki hiyo hiyo, na namba ya siri ya akaunti ya simu pia kama mnayo. Nakala ya muhtasari mpelekeeni afisa maendeleo ya jamii.

Wewe mwenyewe, kwa miezi mitatu ya kwanza, kaa mbali na meza. Katibu mpya akikwama atakuuliza. Mjibu baada ya kikao.